Yago Ulilobeba Mgongoni

Suna, Migori.
Jumapili jioni, tarehe kumi na moja Januari. Niliondoka nyumbani Agosti, mahindi yakiwa yameanikwa uani, na tangu hapo sijakanyaga kwetu.

Adhiambo mwanangu,

Kesho asubuhi unakwenda shule ya bweni, au huendi. Mama yako alinipigia Ijumaa nikiwa juu ya jukwaa na ndoo ya saruji mkononi, akasema, "Baba Adhiambo, sanduku liko tayari, mwenye sanduku ndiye hayuko tayari." Nikadhani anatania. Kisha akaniambia maneno uliyomwambia wewe. Nikashuka, nikakaa juu ya rundo la mchanga mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama siku hizi nalipwa kwa kukaa.

Mambo ya sanduku nayapita. Godoro, kufuli, kandambili, sabuni, mahali pa kuficha pesa ndogo, hayo mama yako anayajua kuliko mimi na najua ameshakuimbia mpaka umechoka. Mimi nimekalia debe la rangi ndani ya stoo ya saruji, taa ya sola inaning'inia kwenye msumari, na nina jambo moja tu la kukuandikia. Nitalizunguka kidogo kwa sababu mimi si mtu wa kalamu. Shule niliiacha darasa la saba. Kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili, Dholuo yangu ni ya mdomo, ndiyo maana baba Mjaluo anamwandikia binti Mjaluo namna hii. Cheka kama unataka.

Ningepiga simu. Lakini unaijua simu ya nyumbani: mama yako anaiweka kwenye spika, ndugu zako wanagombania kusalimia, kuku analia karibu, mimi nasema "sawa, sawa, haya," kisha inakatika. Jambo hili haliwezi kusemwa katikati ya kuku. Odongo, dereva wa lori la kokoto, anaondoka hapa alfajiri kwenda Homa Bay. Amekubali kusimama Rodi Kopany ampe mama yako barua hii mkononi. Kwa hiyo utaisoma kabla sanduku halijafungwa.

Kwanza niseme nilivyoelewa, unisahihishe nikikosea. Alhamisi mlienda na mama yako kupeleka karatasi zako shuleni. Mwalimu wa bayolojia akawachukua nyinyi wageni akawatembeza katika ule msitu mdogo nyuma ya mabweni, unaopanda mpaka kwenye mawe ya kilima. Akawaambia miti ile haikupandwa na mtu, ilikuwapo kabla ya shule. Kisha akapitisha mkebe wenye vipande vya bati vyenye namba, kila mmoja achukue kimoja atafute mti wenye namba hiyo, na mti huo ni wake mpaka amalize shule. Ataupima, atauchora, atajua nani anakaa juu yake na nani anakaa chini. Mmoja akapata ober, mwingine siala. Mwingine akapata kichaka cha ochuoga, akasema yeye utafiti wake atakuwa anaula. Wewe ukapata yago, ule mti wa matunda marefu mazito yanayoning'inia kama magogo.

Ukarudisha namba. Mwalimu akacheka, akadhani unaringa. Mlipofika nyumbani ukamwambia mama yako hutasoma shule ile. Akakugombeza, na ndipo ukasema: "Nilibeba yago nikamuua Dani. Mnataka nimuue nani tena?"

Hukumuua nyanya yako Dani, Adhiambo. Naliandika hapa juu ili usilitafute chini ya barua.

Siku ile ulikuwa na miaka sita. Nilikuwa nimetoka kuchimba msingi wa nyumba ya mtu, nimechoka, njaa inaniuma. Nikaingia nikakukuta karibu na jiko la nje, leso ya njano imefungwa kifuani, na mgongoni umebeba yago. Lilikuwa refu kuliko mgongo wako. Ncha yake ilichungulia begani kama kichwa cha mtoto aliyelala. Ulikuwa unalibembeleza, unarukaruka hivi ili lisilie. Mtu mwingine angecheka. Mimi nililivuta kwa nguvu mpaka leso ikachanika, nikalirusha ng'ambo ya ua wa miti ya ojuok, nikakupigia kelele mbele ya kila mtu: "Unatuletea kifo nyumbani?" Dani alikuwa ameketi mlangoni mwake.

Mwezi haukuisha, Dani akafariki.

Sisi watu wazima tulilia, tukachinja, tukapokea wageni, tukatafuta viti vya kuazima. Hakuna aliyekuangalia wewe. Mimi nilikuona umejibanza nyuma ya ghala na nikajisemea, mtoto huyu anampenda nyanya yake. Miaka yote hiyo nikadhani unaogopa tu vichaka. Ukikataa kwenda kuokota kuni upande wa kijito, nasema ni uvivu. Shule ya msingi mkienda na mwalimu kutafuta majani, unaumwa tumbo, nasema ni uvivu. Kumbe ulikuwa unamkwepa mti mmoja.

Sasa sikiliza jambo ambalo hata mama yako nilimwambia Ijumaa kwa mara ya kwanza. Wakati wa kupanda mwaka ule, muda mrefu kabla ya siku ya leso, nilimpeleka Dani kwa daktari Homa Bay. Daktari aliniita pembeni. Alisema moyo wa mama umevimba na umechoka, dawa zitamsaidia kupumua lakini hazitamrudishia nguvu. Tukiwa njiani kurudi, Dani akanishika mkono akasema, "Usiwaambie. Wakijua ni mgonjwa hawataniachia hata mboga za kuchambua." Nikanyamaza. Nilikuwa namtunzia heshima yake, na sijutii hilo. Lakini kimya changu kilikuacha wewe utafute sababu peke yako, na mtoto akitafuta sababu anaokota ile iliyo karibu na miguu yake.

Labda unauliza kwa nini nilipiga kelele namna ile kwa sababu ya tunda.

Baba yako mkubwa Owino hamkujuana. Alikuwa kaka yangu wa pekee, mtu wa kucheka sana, alikuwa anaweza kuiga sauti ya chifu mpaka mbwa wa chifu wanageuka. Alivuka kwenda upande wa Tanzania kuchimba dhahabu, na shimo likaporomoka juu yao. Mwenzake aliyekuwa juu akishika kamba ndiye aliyekuja kwetu na habari, pamoja na shati la Owino. Mwili haukutolewa. Nawe unajua kwetu mtu hawezi kuachwa hivyo, hana mahali pa kulala. Wazee wakasema litafutwe yago lizikwe badala yake.

Mimi nilikuwa nimeoa juzi tu. Nikapanda ule mti wa kijitoni, nikalikata, nikateremka nalo. Mjomba akanikataza kuliweka begani. "Huo si mzigo," akasema. Nikalibeba mikononi mpaka nyumbani. Lilikuwa na uzito wa mtoto anayejifunza kutembea. Dani akalipokea, akaliosha polepole, tukalifunga shuka nyeupe, watu wakakesha nalo, na asubuhi tukalizika upande ambao Owino angezikwa. Hakuna aliyenieleza kwa nini tunda, na kwa nini tunda hilo kati ya matunda yote. Mimi sikuuliza. Mtu akiwa na msiba anashukuru kuambiwa ashike nini na asimame wapi.

Tangu siku hiyo nikaanza kuliogopa tunda lenyewe. Nikiona yago naona kifo, kama mtu aliyeona machela ikibeba maiti akafikiri machela ndiyo inaua. Wiki hii nimelifikiria sana. Yago halikumuua Owino. Owino alikuwa amekwisha kufa wakati mimi natafuta pa kuweka mguu kwenye ule mti. Yago lilikuja nyuma. Lilikuja ili mama yangu apate mahali pa kwenda kulia. Nililishika kwa mikono yangu miwili, nikaona mwanzo na mwisho, na bado nikageuza jambo nyuma mbele. Kisha nikakukabidhi wewe hivyo hivyo, limegeuzwa.

Na bado kuna kitu sikuwa nakijua. Ijumaa nilimuuliza mama yako nani alikufunga ile leso, maana mtoto wa miaka sita hawezi kujifunga mzigo kama ule.

"Ni mama yako," akasema.

"Mama yangu?"

"Dani mwenyewe. Alimfunga mafundo mawili, akamwambia ambebe vizuri, asimwangushe."

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Ungesikia wapi? Uliingia ukipiga kelele kama mtu ambaye ng'ombe wake wako kwenye shamba la jirani."

Amesema kweli. Niliingia na jibu, sikuingia na swali.

Sasa fikiria pamoja nami. Mwanamke aliyemwosha mwanawe kwa kuosha tunda, ambaye ndiye aliyeumia na Owino kuliko sisi wote, siku moja anaokota tunda la aina ileile na kulifunga mgongoni mwa mjukuu wake. Alikuwa anamkumbuka Owino akiwa mdogo? Alikuwa amemaliza kuliogopa? Au aliona tu mtoto anataka mwanasesere na mwanasesere hayuko? Nimeligeuza swali hili nikichanganya saruji, nimeligeuza nikila, sijapata pa kulishikia. Wewe ulikuwa pale. Huenda unakumbuka uso wake alipokuwa anafunga lile fundo. Mimi nilikuja nimechelewa.

Nikuambie sasa mambo ya hapa, ujue kwamba sikuandikii hivi kwa kukaa na kuwaza tu.

Tunajenga madarasa katika shule moja ya msingi hapa Suna. Nyuma ya mjengo kuna kipande cha kichaka kinachoteremka kuelekea mtoni. Hakikulimwa kwa sababu ya mawe. Mimi nilikiona kwa macho ya kazi: ule mti unafaa nguzo za kushikilia slabu, ule kuni, ule hauna faida. Tangu shule zifunguliwe wiki hii wanafunzi wakubwa wanaingia humo na mwalimu wao. Wanafunga kamba kwenye vijiti vinne, wanapata pembe nne ndogo kama kitanda, kisha wanapiga magoti wanaangalia kila kilichomo. Kila kitu, Adhiambo. Siafu, konokono, uyoga, ngozi aliyoiacha mjusi, mbegu iliyobebwa na ndege ikaangushwa pamoja na mavi yake. Siku ya kwanza mimi na wenzangu tuliwacheka. Siku ya pili nikajikuta nimemaliza uji wangu nimesimama kwenye kamba yao.

Huko katikati kuna yago. Sikuwa nimeliona tangu nije, maana mtu hatazami asichotaka kukiona.

Jumatano msichana mmoja anaitwa Awuor alikuja mbio mjengoni. "Fundi, tuazime msumeno. Dakika mbili tu!"

"Mnakata nini?"

"Yago. Jembe limeshindwa, jiwe limeshindwa. Aki ni ngumu!"

Nikamwambia msumeno wa kazi hauazimwi. Akasema, "Basi njoo nao wewe mwenyewe." Watoto wa siku hizi. Nikaenda. Nusu ya wanafunzi walikuwa wamesimama mbali, mwalimu amewaambia asiyetaka kukaribia asikaribie. Awuor mwenyewe alikuwa anasema, "Nyanya yangu akijua nimelishika ataniogesha kwa majani mpaka Jumapili," huku amelishika kwa mikono miwili.

Nikapiga goti. Msumeno ukakataa kwenda, na haukuwa msumeno, ni mkono wangu. Fundi Mwangi, mtu wa Murang'a ambaye nampelekea matofali, alikuwa amenifuata aone kuna nini.

"Omera, unangoja nini? Si hiyo ni muratina."

"Kwetu hili tunazika," nikamwambia.

"Mnazika? Mnazika pombe?" Akashika kiuno. "Kwetu mzee akionekana analeta hiyo nyumbani akina mama wanapiga vigelegele, wanajua kuna mahari inapelekwa. Tunaikata, tunaichemsha, tunaianika, ndiyo inafanya pombe ya asali ichachuke. Wewe unaizika! Hebu kata bwana, usiwacheleweshe watoto."

Wanafunzi wakacheka, hata wale wa mbali. Nami nikacheka kidogo. Tunda moja, Adhiambo. Linaingia nyumba moja kwa kilio, linaingia nyingine kwa vigelegele, na lenyewe halijui lolote.

Nikakata.

Ndani ni jeupe. Ni nyuzinyuzi zilizoshikana kama sifongo ngumu, linanuka kama tango, na mbegu zimejaa humo kama za boga lakini ndogo. Awuor akanitazama usoni. "Baba, hukuwahi kuona ndani yake?" Nikasema hapana. Nililibeba moja toka kijitoni mpaka nyumbani, nikalilia, nikalizika, na sikuwahi kujua ndani kuna nini.

Kisha wakanionyesha jingine, la zamani, lililooza upande mmoja chini ya majani. Katika ule uozo kulikuwa na miche imeota, mitatu au minne, imesongamana, kila mmoja na majani mawili. Nilikaa pale mpaka Mwangi akaanza kuniita kwa filimbi. Jambo lililoniingia kichwani ni hili: lile letu, la Owino, liliota? Tulilizika kina cha mtu mzima. Mbegu inaweza kupanda kutoka kina hicho? Au inakufa humo, au inalala tu? Nilimuuliza mwalimu. Alifikiri, akasema hajui, akaandika swali langu ubaoni pamoja na ya wanafunzi. Nilirudi kazini nikiwa na furaha ya kijinga. Swali la mtu wa darasa la saba liko ubaoni.

Lakini nisikudanganye. Jumatano hiyo jioni nilianza kungoja. Alhamisi nikangoja. Simu ilipolia Ijumaa nikaona jina la mama yako, nilijua kabisa kuna mtu amekufa. Kabla sijaipokea nilikuwa nimeshachagua ni nani. Ilipokuwa habari yako, nikashukuru, kisha nikaona aibu. Ile hofu niliyokupa ukiwa mdogo, mimi mwenyewe sijaiweka chini. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu aliyepona. Nakuandikia kama mgonjwa mwenzako ambaye amethubutu kukata tunda na leo, Jumapili, wote bado mko hai.

Kutouliza kumenitesa maisha yangu yote. Mjengo wangu wa kwanza niliambiwa nichanganye zege la lenta. Sikujua kipimo cha mchanga. Nilimwona jirani yangu anachanganya, nikafuata kwa macho, nikakisia. Tulipotoa mbao ikapasuka juu ya mlango kama biskuti. Msimamizi hakunipiga kelele, aliniuliza tu, "Kwa nini hukuuliza?" Ukweli ni kwamba niliogopa wajue sikusoma. Wakajua hata hivyo, na kazi nikaikosa. Baadaye niliwaona waliosoma sana wakifanya vilevile, kwa hiyo si ugonjwa wa darasa la saba peke yake.

Leo asubuhi sikwenda kanisani. Nilishuka kwenye ule mti kabla jua halijapanda. Maua yake yananing'inia kwenye kamba ndefu, kamba hasa, inashuka kutoka kwenye tawi mpaka unaweza kuigusa. Ua ni kubwa kama kikombe, rangi ya maini, lina mikunjo kama kitambaa kisichopigwa pasi. Linafunguka jioni, na asubuhi liko chini. Nilikuta mengi yameanguka na mbuzi wa jirani wanayala moja baada ya jingine bila haraka. Sasa mimi nauliza: ua linalofunguka giza likiingia linamngoja nani? Awuor anasema popo. Mwangi anasema popo anakula wadudu na matunda, hana shughuli na maua. Wamebishana mpaka wameweka dau la soda. Mimi niliona nyuki wachache wakati wa mapambazuko na ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, lakini hao walikuja kumalizia tu, mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

Na swali jingine. Kitabu chao kinauita mti huu mwegea, na kinasema tembo na nyani ndio walikuwa wanakula tunda na kutawanya mbegu. Huku kwetu tembo yuko wapi? Basi ule mti wa shuleni kwako, juu kule karibu na mawe, nani aliupandisha? Tunda lile haliwezi kubingirika kwenda juu.

Unaona nilivyo. Mtu mzima, mikono imepasuka kwa saruji, na badala ya kulala nafikiria tunda kupanda kilima.

Jana nilimpigia mwalimu wako wa bayolojia. Nilimweleza kidogo, si yote, yale mengine ni yako. Akasema, "Mzazi, ningejua nisingecheka. Akija kesho kutwa nitampa mkebe achague namba nyingine, na hataulizwa sababu na mtu." Sauti yake ilikuwa ya kweli. Kwa hiyo mlango huo uko wazi. Ukichukua ober au siala au mti wowote wenye amani, sitahesabu kwamba umeshindwa, nami sitalitaja tena.

Ninachokuomba ni kwamba shuleni uende. Nafasi ile uliipata kwa kichwa chako, na usipofika wiki hii wataipa mtoto mwingine, na huyo mwingine atastahili pia. Usiiache kwa sababu ya maneno niliyoyasema mimi nikiwa na njaa. Yalikuwa maneno yangu. Nimekuja kuyachukua.

Kama utabaki na yago, sitaki ubaki nalo ili kunifurahisha au ili kuonyesha wenzako kwamba huogopi. Simama mbali mwanzoni. Tazama nani anaingia na nani anatoka. Ukiona mwili unakataa, ondoka, rudi siku nyingine. Mimi ndivyo ninavyofanya hapa, na bado sijaweza kuliokota moja na kulibeba mikononi. Nimelikata, lakini kulibeba bado.

Na ukimkumbuka Dani ukiwa pale chini, mkumbuke akifunga leso. Usimkumbuke amelala mbele ya watu. Katika siku zake za mwisho alimwona mjukuu wake akibembeleza mtoto. Hilo wewe ndiye uliyempa, na mimi ndiye niliyelikatiza.

Wino unaisha na Odongo amekuja mara mbili kuuliza kama naandika barua au katiba.

Hapa tumebakiza kufunga kenchi na kuezeka mabati. Msimamizi amesema tukimaliza kabla mvua haijaanza atatuachilia wiki nzima, na huyu hana tabia ya kusema uongo. Natarajia kuja mwisho wa Februari, siku ya Jumamosi. Sitapitia nyumbani kwanza, nimeshamwambia mama yako na amenuna. Nitapita moja kwa moja mpaka shuleni kwako, nitanawa saruji bombani, kisha unipeleke kwenye ule msitu wenu. Mpaka siku hiyo usiniambie kwenye simu ni mti upi umebaki nao. Nitatembea nyuma yako, nione unasimama wapi.

Baba yako,
Okeyo